Maksai Ana Mwezi Wake

Mtss! Nimesonya leo, nimesonya jana, na nitasonya mpaka mwenye ng'ombe anisikie.

Tulikaa kijiweni kwetu Dodoma, kahawa ya moto, kashata mkononi, Oktoba hii jua linawaka tangu asubuhi. Likapita kundi la ng'ombe linaelekea mnada wa Msalato. Mbele maksai mwekundu, mrefu, mifupa mipana, mbavu zake unazihesabu ukiwa umekaa. Nundu imelala upande. Mzee mmoja wa kijiweni, aliyechunga tangu hajaota ndevu, akamwomba kijana aliyekuwa akiswaga asimame kidogo, akamfunua maksai mdomo. Meno manne ya kudumu, ya pembeni bado ya utoto.

"Mjukuu wangu," akasema, "huyu ndiyo kwanza kamaliza kujenga kuta. Mbona unamuuza kabla hajaezeka?"

"Babu, ghalani hakuna kitu."

Pale sote tukanyamaza. Mwenye njaa humfundishi kusubiri. Kijana akaswaga ng'ombe wake, vumbi likamfuata, na sisi tukabaki tunasonya. Jamani, ng'ombe wetu tunawauza kwa kalenda ya shida zetu. Yeye mwenyewe hatumuulizi kama yuko tayari, ilhali anasema kila siku, mwilini mwake, kwa mtu anayejua kutazama.

Sikiliza anavyosema. Mwili wa ng'ombe una zamu zake. Mifupa hutangulia, nyama hufuata, mafuta huja mwisho. Maksai wa malisho hawezi kuweka mafuta ya kuonekana nje mpaka mifupa na misuli vimeshachukua chao. Kwa hiyo mafuta ndiyo saa yake. Ukiyaona yamefika, kazi kubwa ya kukua imekwisha.

Unayatafuta wapi? Anza mbele, kwenye kidari: kikijaa na kutikisika anapotembea, weka alama. Nenda nyuma, ushike shina la mkia. Ukigusa mfupa mtupu, mrudishe machungani. Ukigusa vifundo laini vya mafuta huku na huku, endelea. Pitisha kiganja kwenye mbavu za mwisho: mbavu zisionekane kwa macho, ila ukibonyeza uzisikie. Inama utazame mfuko uliokuwa na pumbu kabla hajahasiwa. Kwa maksai aliyeiva hujaa mafuta, na mnunuzi mjanja hatazami pengine kwanza. Mwisho nundu: ya aliyenona husimama imara.

Usidhani ni maneno ya wazee tu. Mwaka 1986 kituo cha kimataifa cha utafiti wa mifugo kilichokuwa Addis Ababa, ILCA, kilitoa mwongozo wa kupima unono wa ng'ombe wenye nundu kwa alama 1 hadi 9. Hauhitaji mashine. Ni macho na mkono, mambo yale yale ya babu yetu wa kijiweni.

Umri je? Tazama meno. Jozi ya kwanza ya kudumu huota akiwa na miaka 2 na kitu, jozi nyingine hufuata, na akitimiza meno manane ameshapita miaka 4 hivi. Ng'ombe wetu wa asili, asiyeonja pumba wala mashudu, mara nyingi huiva katikati ya meno sita na manane. Akijaza mdomo halafu ukaendelea kumfuga kwa fahari tu, hapo napo nasonya. Mifupa imeshamaliza, nyama inazidi kuwa ngumu, na kila kiangazi kinamnyang'anya alichokusanya masika. Unalisha kwato.

Asiye na mzani atafute futi ya fundi cherehani. Zungusha kifua nyuma tu ya miguu ya mbele, kwa sentimita. Pima urefu kutoka ncha ya bega hadi ncha ya tako. Zidisha mzunguko kwa mzunguko, zidisha tena kwa urefu, gawanya kwa 10,840. Mwenye kifua cha 150 na urefu wa 130 anakupa kilo 270 hivi. Ni makadirio, lakini yanakulinda na dalali anayekwambia "huyu hafiki mia mbili" huku anatazama pembeni. Pima kila mwezi. Majani yakiwa bado mabichi na futi ikakataa kupanda, maksai ameshakwambia amefika.

Sasa hesabu ya kutia uchungu. Ng'ombe aliyekonda anaondoka na ngozi, kichwa na tumbo lililojaa majani makavu. Tuseme ana kilo 200 na anatoa 45 kwa kila mia: nyama na mifupa yake bucha inapata kilo 90. Mwenzake wa kilo 300, aliyenona, akitoa 50 kwa mia, ni kilo 150. Tofauti ni kilo 60. Kilo 60 hizo zingeletwa na mvua na uvumilivu wa mwenye mali.

Na mvua yetu tunaijua. Kanda ya kati inaanza mwisho wa Novemba au Desemba, inakatika Aprili. Majani yanaota, ng'ombe anajaza alichopoteza, na Mei na Juni ndipo anapong'aa ngozi. Baada ya hapo nyasi zinakauka, zinabaki mabua, maji yanakuwa mbali, na kilo zinaanza kushuka. Oktoba anakuja mnadani akiwa ametembea na kiangazi chote mgongoni.

Hata siku zake za mwisho tunaziharibu. Aliyechomwa sindano ya dawa asubiri siku zilizoandikwa kwenye karatasi ya dawa hiyo. Nyama ile italiwa na watoto wa watu. Aliyeswagwa kwa fimbo mchana kutwa na kuchinjwa jioni ile ile ameshaunguza sukari iliyokuwa kwenye misuli. Bila sukari hiyo nyama haipati uchachu wake, inabaki nyeusi, inanata, na inaoza upesi. Mpe maji, mpe kivuli, alale usiku mmoja kwa utulivu. Nawe mama unayenunua, ukiona mafuta ya manjano usikimbie ukidhani ni mzee: mara nyingi ni rangi ya majani mabichi aliyokula.

Nimrudie yule kijana, maana simlaumu kwa njaa yake. Namlaumia Juni: kama hakuwa na budi kumuuza, angemuuza wakati ule. Juni ile maksai wake alikuwa mnene kuliko leo, na ndio mwezi wa mavuno, mahindi yamejaa masokoni na bei iko chini. Oktoba ng'ombe amekonda na mahindi yamepanda. Amepunjwa mara mbili kwa mnyama mmoja.

Kwa hiyo, ndugu mfugaji, mvua zikikatika ingia zizini na mkono wako. Shika mkia, bonyeza mbavu, tazama meno. Aliyeiva muuze Juni, na kwa hela ile ile nunua magunia ya mahindi uyafungie ghalani kabla hujaigusa kwa jambo lingine. Ambaye hajaiva mwache aone mvua nyingine. Ukifanya hivyo, Oktoba ijayo utapita kijiweni kwetu bila ng'ombe mbele yako, utakaribishwa kahawa, na hakuna atakayesonya.