Unyaufu wa Rupia

Mjomba wangu wa Mikindani hamwamini mtu yeyote mwenye mizani, na sidhani kama kuna wa kumlaumu. Ameuza korosho tangu ujana wake, na kila msimu haukosi mtu wa kumweleza kwamba mzigo wake umepungua ghalani. Unyaufu, mzee: korosho imekauka, maji yametoka, na kilo zimeondoka nayo. Hilo amelikubali kwa shingo upande.

Basi fundi alipokuwa akichokonoa ukuta wa uani, wa mawe ya matumbawe na chokaa, ikadondoka sarafu nyeusi yenye tundu dogo karibu na ukingo. Bila shaka kuna mtu aliwahi kuivaa shingoni. Upande mmoja yupo Wilhelm wa Pili, Kaiza wa Ujerumani, na kofia yake ya tai. Pua yake imelika yote. Upande wa pili yupo simba, naye amebaki kivuli. Mjomba akaisugua kwa majivu na ndimu. Jioni akaisugua kwa mchanga, wageni waione vizuri. Kesho yake akarudia, maana wageni walikuwa wengine.

Kijana mmoja wa mtaani akatafuta kwenye simu: rupia ya kampuni ya kikoloni ya Wajerumani, iliyoanza kutolewa mwaka 1890, miaka mitano kabla ya Boma letu la Mikindani kujengwa. Uzito wake gramu 11.66. Hiyo 11.66 mjomba akaishika kama namba ya kesi.

Kwa sonara, Mtwara mjini, mizani ikasema 11.20.

“Rudia, fundi.”

11.20. Feni ikazimwa. 11.20. Mjomba akavua kofia, akachungulia chini ya mizani, kisha akaniuliza kwa sauti ambayo duka zima liliisikia: “Mpwa wangu, korosho ina maji. Fedha nayo ina maji?”

Sonara hakukasirika, nadhani wazee wa korosho amewazoea. Akaanza na tundu, ambalo mjomba alikuwa ameshalitia hatiani. Tundu la milimita mbili, akasema, halichukui hata sehemu moja ya kumi ya gramu. Akapitisha ukucha ukingoni: vijino vipo pande zote. Vijino hivyo huwekwa ili anayekata kipande cha fedha pembeni ajulikane mara moja. Hapa hakuna aliyekata.

Kilichobaki ni mikono. Fedha tupu ni laini, ndiyo maana rupia ilitengenezwa kwa sehemu kumi na moja za fedha na moja ya shaba, na bado inalika. Imegongana na wenzake mifukoni na kubiringishwa mezani, tangu enzi ya pesa 64 kwa rupia, ikaja heller 100 mwaka 1904, hadi Mwingereza alipoleta shilingi. Gramu 0.4 iliyopotea mbali na tundu, ukiitandaza kwenye nyuso zote mbili, ni safu nyembamba kuliko unywele. Hakuna mtu hata mmoja aliyeiba cha kumtosha.

“Wewe, mzee, umeisafishaje?”

“Majivu. Ndimu.” Mjomba akakohoa. “Na mchanga, kidogo.”

Sonara akafumba macho. Wanunuzi wa sarafu za kale, akasema taratibu, huzitaka na weusi wake.

Pengine mambo yangeishia hapo, lakini sonara huyu anapenda historia kuliko biashara. Akaongeza kwamba Mjerumani aliifuatisha tu rupia ya Bara Hindi, iliyokuwa imeshaenea pwani nzima, na kwamba rupia mpya ilikuwa na uzito wa tola moja kamili, kipimo cha masonara. Kwa hiyo masonara wa zamani waliiweka kwenye sahani kama jiwe la mizani na kupimia dhahabu.

Niliona uso wa mjomba ukibadilika. Hesabu za mizani hazimpigi chenga.

“Rupia mpya?”

“Ndiyo, mpya.”

“Na ikishalika kama hii, ukiiweka upande mmoja, dhahabu ya upande wa pili inakuwa pungufu?”

Sonara akanyamaza kidogo. “Kidogo, mzee.”

“Bibi yangu alinunua bangili.”

“Haya, mzee.”

“Hapa hapa Mtwara. Hivi, fundi, kazi hii umeianza wewe, au na babu yako naye alikuwa sonara?”

“Babu yangu pia.”

Mjomba akavuta kiti, akakaa.