Kahawa na Wanawe

Jumapili, 3 Machi 2024
Bajaji mbili zimetukataa Tabata Relini. Dereva wa tatu aliuliza, "Dada, huyo anauma?" Nikamwambia haumi, ana mimba. Akatandika gunia kwenye kiti, akatupeleka taratibu mpaka Segerea akikwepa kila shimo. Mbwa alitapika juu ya kiatu changu tulipokaribia kushuka.

Nimemwita Kahawa kwa ajili ya rangi yake. Alizoea kulala kwenye nyumba iliyokuwa ikijengwa. Mafundi walipomaliza kazi waliondoka na madume wawili, yeye wakamwacha. Kikundi kilichomwokoa hakina nafasi, na mimi nina banda la kuku lisilo na kuku. Nitamlea mpaka azae, wana wakue, wote wapate kwao.

Jumanne, 5 Machi
Hali mtu akimtazama. Anabeba tonge la ugali mdomoni hadi nyuma ya tangi la maji, na lile asilomaliza analifukia. Leo nimekuta matonge manne kwenye tuta la mchicha. Mchicha wote umeng'oka. Mbwa aliyepigwa mawe kila alipokaribia jiko la mtu hajui kama kesho atapewa tena, kwa hiyo anaweka akiba. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ipo tangu 2008, lakini mawe bado yanarushwa.

Daktari wa mifugo amempapasa tumbo. Anakadiria wana wanne au watano. Mimba ya mbwa ni siku 63 hivi, naye amebakiza kama wiki mbili. Nimenunua dagaa nusu kilo wa kuchanganya kwenye ugali.

Ijumaa, 15 Machi
Kahawa ameanza kuandaa pa kuzalia. Amechana boksi la friji nililomtandikia, amechimba sakafu ya banda, kisha amepenya tundu la ukuta na kuangusha kanga kwenye kamba ya bibi wa jirani. Kanga ya doti jipya. Nilikwenda kubisha hodi nikiwa nimeishika, imejaa matope na mate.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Ni yule mjamzito?"

Nikasema ndiye, na kwamba nitaifua mara saba, mara moja kwa udongo, kama inavyotakiwa. Bibi yuko kwenye mfungo na nguo zake za kuswalia hukauka kwenye kamba hiyohiyo. Aliitazama ile kanga kwa muda.

"Mwachie," akasema. "Hata sisi tumezalia juu ya kanga. Lakini ziba hilo tundu leo."

Nimeziba kwa tofali tatu.

Jumatatu, 18 Machi
Jana alasiri joto la mwili wake lilishuka hadi 36.9. Daktari alishanieleza kwamba likishuka chini ya 37 uchungu uko njiani, mara nyingi ndani ya siku moja. Nikakaa bandani na taulo, uzi, mkasi na mizani ya jikoni. Saa saba usiku akaanza kutetemeka. Saa nane luku ikaisha. Simu yangu ilikuwa na chaji kidogo, na niliihitaji kwa ajili ya daktari, si kwa kumulikia.

Wa kwanza alizaliwa gizani. Nilimjua kwa sauti.

Upande wa pili bibi alikuwa ameamka kupika daku. Alisikia ninavyopapasapapasa, akanipitishia taa ya chemli juu ya ukuta. Kila alipopita na sufuria aliuliza, "Wangapi sasa?" Nilimjibu wawili, nikamjibu watatu. Kahawa alikata vitovu mwenyewe, akala kondo za nyuma, akawalamba wote mpaka wakalia. Wa sita alitoka adhana ya alfajiri ikiisha. Madume wawili, majike wanne. Wote wako juu ya kanga.

Nimewafunga nyuzi za sufu za rangi mbalimbali shingoni ili niwatofautishe kwenye mizani. Mwenye uzi mweupe ana gramu 190. Wenzake wamepita 300.

Jumatano, 20 Machi
Mtoto wa mbwa hawezi kujitunzia joto wiki za mwanzo, hutegemea mwili wa mama na wa ndugu zake. Mweupe alisukumwa pembeni kila walipokwenda kunyonya. Nilimshikiza kwenye chuchu kila baada ya saa mbili, nikamwekea chupa ya maji moto ndani ya soksi. Usiku kifuniko kilivuja, nikalazimika kubadilisha matandiko yote. Alfajiri nilimkuta amepoa. Kahawa alikuwa bado anamlamba.

Nimemzika chini ya mpapai. Wamebaki watano.

Jumamosi, 30 Machi
Bluu amefungua jicho moja. La pili bado.

Jumatatu, 1 Aprili
Wametimiza wiki mbili, siku ya dawa ya minyoo ya kwanza. Mama huwapa watoto minyoo tangu tumboni na kwenye maziwa, kwa hiyo hata mtoto asiyewahi kukanyaga udongo anayo. Dawa ilifanya kazi usiku. Nimefua matandiko mara tatu na kupiga deki banda lote.

Jumatano, 10 Aprili
Idi. Bibi ameleta pilau. Wajukuu zake wawili wakaja kuona watoto, wamevaa kanzu nyeupe za sikukuu. Mwekundu, aliyejifunza kutembea majuzi tu, alitoka kwenye sahani ya uji moja kwa moja mapajani mwa mdogo wao. Mwingine akafuata.

Nimefua kanzu mbili, mara saba kila moja, mara moja kwa udongo. Kwa mvua hizi hazikukauka mpaka nilipozipiga pasi.

Jumatatu, 22 Aprili
Nilipaswa kupiga pasi na matandiko pia. Masika haya nguo zinashinda na unyevu, na kuna inzi wanaotaga humo. Nimekuta vipele vinne mgongoni mwa Kijani, kila kimoja na tundu dogo katikati. Nikapaka mafuta ya mgando, nikasubiri funza wakose hewa, nikawakamua. Kahawa alisimama karibu kabisa, pua yake mkononi mwangu, hakunguruma.

Dagaa sasa kilo mbili kwa wiki.

Jumamosi, 4 Mei
Tangu jana redio inatangaza Kimbunga Hidaya, boti za Zanzibar zimesitishwa. Nimewahamishia wote chumbani kwangu. Kimbunga kimefika Mafia na kupungua nguvu. Chumbani wametafuna ndala ya kushoto, waya wa chaja na kona ya godoro.

Jumamosi, 11 Mei
Simu kumi na moja leo kwa ajili ya tangazo la watoto. Tisa wanataka dume. Jike, wanasema, atazaa na kujaza madume wa mtaa getini. Nawaeleza kwamba jike hufungwa kizazi, na kwamba gharama hiyo tutachangia. Wengi hukata hapo.

Kila anayepiga namuuliza atalala wapi, atafungwa mnyororo mchana, nani atampa chakula ukisafiri. Mmoja akasema, "Dada, unatoa mbwa au unaozesha binti?" Nilimwambia sitaki hela, nataka majibu. Hakunijibu, na mimi sikumpa.

Jumamosi, 18 Mei
Madume wote wawili wamekwenda, mmoja Kinyerezi na mwingine Kimara. Mwekundu amechukuliwa na mwalimu aliyekuja na wanawe, wakaketi chini saa nzima. Kijani amekwenda kwa mama mfuga kuku wa Chanika aliyeuliza maswali mengi kuliko mimi. Kila mmoja nimempa kadi: chanjo aliyokwisha kupata, tarehe za zinazofuata, na ya kichaa cha mbwa katikati ya Juni, akitimiza miezi mitatu. Hiyo nimeipigia mistari miwili, maana karibu kila mtu anayepata kichaa hukipata kwa mbwa.

Kahawa amezunguka banda mpaka usiku. Amenusa kanga, amelala juu yake na Bluu.

Jumatano, 5 Juni
Maziwa yamekauka, leo amefungwa kizazi. Amerudi amelegea, akakojoa sebuleni.

Jumapili, 9 Juni
Hakuna aliyepiga kuuliza Bluu, wala mama yake. Nimebadilisha picha kwenye tangazo, nimeandika upya kwamba jike hubweka getini sawasawa na dume.

Jioni nilikaa kwenye kizingiti na bakuli la ugali. Kahawa alilichungulia, akalitazama tangi, kisha akala palepale, mguu wake juu ya mguu wangu. Mchicha mpya umeshachipua.

Kesho nitanunua dagaa nusu kilo.