Mpira Uliofeli Mtihani

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wizara ya elimu ya Joseph Mungai ilifuta mashindano ya michezo ya shule, UMITASHUMTA na UMISSETA, eti michezo inakula muda wa masomo. Haya. Nguzo za magoli huko Bunda, nadhani, ziliivisha maharage ya walimu, na ufaulu ukakaa mkao wa kupaa. Sijui nani alisahau kupita Butiama: Mwalimu Nyerere alikuwa mtu wa bao kwelikweli, na kete hazikumzuia kutafsiri Shakespeare mara mbili. Serikali ya awamu ya nne ikairudisha michezo. Na matunda? Mwaka 2021 klabu ya Biashara United ya Musoma ikaifunga Al Ahli Tripoli nyumbani, kisha ikashindwa kusafiri kwenda Libya kurudiana. Labda walikuwa na mtihani.