Lumbesa Ndani ya Laptopu

Linux ninayoitumia inaitwa Gentoo, na kwa ajili yake watu wa nyumbani kwetu Kibirichia wanaamini nimeajiriwa kungoja. Wenzangu wakitaka programu wanaipakua ikiwa tayari. Mwenye Gentoo hupakua msimbo chanzo, kisha mashine inakesha ikiukompaili, yaani ikiugeuza uwe programu. Asubuhi mama ananiuliza, "Imeisha?" Bado. "Na ikiisha itafanya nini?" Itafungua intaneti. "Kwani sasa hiyo simu yako inafungua nini?"

Swali hilo sijalijibu.

Adui wetu ni stima. Wingu likishuka tu kutoka Mlima Kenya, taa zinazimika, na betri ya laptopu yangu hudumu muda wa kusema "woiye". Kompaili ikikatika, kwa kawaida kifurushi kilichokuwa jikoni huanza upya. Kikiwa kidogo, umepoteza dakika chache. Kikiwa qtwebengine, ambacho kimemeza karibu kivinjari kizima cha Chromium, umepoteza usiku. (Mafundi wataniambia kuhusu ccache, inayohifadhi vipande vilivyokwisha kukompailiwa. Ninaijua. Diski yangu haina nafasi ya ushauri.)

Mama, mkulima wa viazi, hakuelewa haya mpaka nilipomwambia qtwebengine ni lumbesa. Hapo akakaa chini. Lumbesa anaijua: gunia lililoongezewa kilemba cha wavu hadi likamzidi mbebaji kimo, broka analipa bei ya gunia moja, na likipasuka njiani viazi vyote vinaishia mtaroni. Kanuni za viazi za 2019 zinasema gunia lisizidi kilo 50.

"Basi si wagawanye?"

Walishawahi, mama. Kabla ya KDE 3.4, iliyotoka 2005, Gentoo ilikuwa na vifurushi 15 tu vya KDE, ile familia ya madirisha na programu za Linux. Ukitaka KMail ya kusomea barua, unabebeshwa kdepim yote, kalenda na mengine usiyoyahitaji. Wakavipasua vikawa zaidi ya 300. Desemba mwaka huohuo X.Org 7.0, inayochora picha kwenye skrini, nayo ikatoka vipandevipande.

"Mia tatu! Na nani anayashona midomo magunia yote hayo?"

Hapo alikuwa amegusa penyewe. Kila kifurushi kidogo huanza kwa kuikagua mashine upya: kompaila ipo? Maktaba fulani ipo? Ndiyo maana ukivitaka vyote, vidogo huchukua muda mrefu kuliko vile vikubwa. Kwa anayevitaka vyote, kugawanya hakupunguzi kazi hata chembe. Kunapunguza hasara stima ikipotea. Kwa mtu wa Kibirichia, hiyo ndiyo hesabu yenyewe. Ila sikuthubutu kumwambia kwamba vifurushi vya Gentoo vya maktaba ya Qt, yaani qtcore, qtgui na wenzao, waliotengana vizuri wakati wa Qt 5, katika Qt 6 wameunganishwa tena wakawa qtbase. Mtu aliyegombana na mabroka miaka yote hiyo hafai kusikia habari kama hizo usiku.

Usiku wenyewe stima ilikaa mpaka asubuhi, jambo la kutangazwa kanisani. Qtwebengine ilikuwa inasonga, laptopu inapuliza hewa moto, na nje baridi ya kukata masikio. Nilipotoka kwenda chooni, mama akaingia na boksi la vifaranga akaliegesha kwenye tundu la feni. Vifaranga wakafurahi, wakapigapiga mbawa. Feni ikavuta manyoya na unga wa mbao, ikakohoa, ikanyamaza. Laptopu ikachemka, ikajizima. Kompaili ikarudi sifuri, na stima ya KPLC ikiwa haina hatia.

Mpwa wangu alikuja kunisaidia kusafisha feni kwa mswaki. Akashangaa kwa nini najitesa, ilhali tangu Desemba 2023 Gentoo inatoa hata vifurushi vilivyokwisha kukompailiwa: unapakua, unaweka, unalala.

Mama alikuwa mlangoni na boksi lake.

"Unalala," akasema. "Na vifaranga?"