Ua Lisilonukia Lina Kesi Zake

Yakhe, ukitaka kudharaulika Mji Mkongwe, huna haja ya kuiba kuku. Panda ua usilolijua jina. Likichanua tu, umekwisha.

Mbegu niliuziwa sokoni. Pakti limepigwa jua mpaka picha imefutika. Nikamuuliza muuzaji, maua gani haya? Akanambia, mazuri. Nikalipa. Mie ndo nilivyo, nikiambiwa kitu kizuri nalipa. Nikazifukia uani kwenye makopo ya rangi. Zikaota zote, hata ile iliyonidondoka pale karoni. Mekundu, pinki, zambarau, ya chungwa. Ua wangu ukawaka.

Majirani nao wakaanza. Bi mkubwa wa nyumba ya pili akasimama mlangoni: "Mwanangu, maua gani hayo?" Nikamwambia waridi. Akacheka mpaka akashika ukuta. Akapita mwengine, nikamwambia alizeti za Ulaya. Yule hata hakucheka, alinionea huruma. Mke wangu akaniita ndani. "Kama hujui si unyamaze? Unantia aibu."

Basi nikakata moja, na shina lake na majani yake, nikatia mfukoni, jioni nikateremka Forodhani. Wajuzi wa mji huu si ndo wako pale? Wanajua nani katalikiwa, meli ipi imekwama, serikali inawaza nini. Ua litawashinda?

Muuza urojo akalitupia jicho, akasema la mapambo, akarudi kwenye bajia zake. Kijana wa pizza akatoa simu, eti ina programu ya kutambua mimea. Picha ya kwanza, simu ikasema dalia. Ya pili, jabera. Ya tatu ikasema haina chaji. Hapo tu ndo ilisema kweli. Papasi mmoja akalinyakua mkononi mwangu, akamwambia mgeni wake kuwa hiki ni kiungo adimu cha Unguja, kinatiwa kwenye pilau. Mgeni akanusa. Akanitazama mie. Akanrudishia.

Nageuka niondoke zangu, nani kakaa kwenye ukuta wa bahari anawatazama vijana wa makachu wanavyoruka? Mwalimu wangu wa bayolojia. Kastaafu zamani, miwani mizito, kumbukumbu nzima.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Wewe si yule uliyechora chura ana mkia na masikio?"

Ndiye. Mbele ya watu. Makachu wenyewe wakaacha kuruka waje wasikilize.

Akalishika ua, hata hakulitazama usoni. Akaanza na majani. "Yamekaaje haya?" Nikasema yamekaa vizuri. "Mawili mawili! Yanatazamana! Hayana kikonyo, yamelikumbatia shina. Hebu papasa." Nikapapasa. Yanakwaruza kama msasa. "Basi si jabera, jabera majani yake yote yako chini kabisa. Si dalia, jani la dalia limegawika vijani. Wala si alizeti mwitu, yake yanapishana." Nikatikisa kichwa cha mtu aliyefahamu. Sikufahamu.

"Sasa hapo una maua mangapi?"

Swali gani hili? Moja, mwalimu. Watu wote kicheko, na wao nani kawaambia? Kumbe kila kipande cha rangi pale pembeni ni ua zima peke yake. Na vile vya manjano katikati, kila kimoja ni ua. Umati mtupu! Jamii moja na alizeti. Tena akanigeuzia chini, nikaona magamba yamepangwa tabaka juu ya tabaka, ukingo mweusi. Akavuta kipande kilichokauka pembeni. Kikatoka na mbegu yake, kimeing'ang'ania. "Alama hiyo. Hii zinia."

Alhamdulillahi, nimepata jina. Nashika njia. "Rudi hapa! Zinia ipi?"

Kumbe zina kabila. Iko Zinnia peruviana, kichwa kidogo, shina limevimba pale chini ya ua, huko Kenya inaota yenyewe porini. Iko Zinnia angustifolia, majani membamba. Yangu jani pana, kichwa kikubwa, na vigamba vya katikati ukivichomoa vina ncha zenye pindo jekundu. Zinnia elegans, kwao Meksiko. Na huu unga mweupe kwenye jani? Nikasema labda wa yule muuza pizza. Mwalimu akavua miwani. "Ubwiri unga! Ni kuvu. Umeibananisha miche haipati hewa." Akafuta miwani, akanitazama upya. Nadhani alikuwa anamkumbuka chura.

Akamalizia na historia, na mie nimesimama wima, njaa inaniuma, mishkaki inanukia ubavuni. Palikuwa na daktari wa Kijerumani, Johann Gottfried Zinn, wa Göttingen. Mwaka 1755 akatoa kitabu cha jicho la mwanadamu. Zile nyuzi zinazoshika lenzi humo ndani ya jicho zinaitwa kwa jina lake mpaka leo. Mwaka 1759 akafariki, hajatimiza miaka 32, na mwaka huohuo Linnaeus akalipa ua jina lake. Na Januari 2016 zinia ikachanua kwenye kituo cha kimataifa cha anga, huko juu kabisa, mwanaanga Scott Kelly akaipiga picha dunia nzima ikashangilia. Yangu imechanua kwenye kopo la rangi, nachekwa.

Nikarudi nyumbani kifua mbele. Nikawakuta barazani, mke wangu na bi mkubwa, wanatunga asumini. Sikukaa. Nikawamwagia yote, majani yanayotazamana, magamba, Meksiko, Mjerumani, anga. Nikampa mke wangu lile ua, nikamwambia, hapa mama watoto nimekupa maua chungu nzima kwa mkupuo mmoja. Wakasikiliza mpaka mwisho, kwa adabu. Kisha bi mkubwa akauliza:

"Na linanukia?"

Nikanusa. Nikanusa tena.

"Halinukii."

"Haa," akasema, akarudi kwenye asumini zake.

Kesi imefungwa. Unguja ua ni la pua, yakhe. Asumini ya nywele, kilua, mkadi, mrehani, kikuba cha bibi harusi ukikipishana nacho uchochoroni unageuza shingo. Ua la kutazamwa tu, bi mkubwa anasema, si bora ununue kalenda? Makopo mazuri yote mke wangu kayachukua kupandia mrehani. Zinia zimehamishiwa karoni. Na wa kumwagilia huku na huku nani? Si mie?

Sina ugomvi na mwalimu, wala na bi mkubwa. Ugomvi wangu na Zinn. Mwili mzima wa mwanadamu uko mbele yake, yeye akenda kuchagua jicho! Angeandika kitabu cha pua, leo mie ningekuwa mtu mtaani kwetu.