Magego ya Shangazi

Shangazi yangu anauza kuku wa kuchoma kando ya barabara huko Mbagala. Kwa miaka mingi bango lake lilikuwa kipande cha bati kilichoandikwa kwa brashi: KUKU. Herufi nne nyekundu, kila moja na kivuli cheusi upande wa kulia. Bati lilikuwa limeanza kuliwa na kutu, lakini hakuna mteja aliyewahi kulalamika kwamba kutu inaharibu ladha ya paja. Mimi ndiye niliyejitia ujuzi, tena mbele ya watu.

"Shangazi, siku hizi watu wanaandika herufi zinazosimama."

"Zinasimama vipi?"

"Zina tumbo na mgongo. Ukiziangalia unaona kama unaweza kuzishika."

Akanitazama kwa jicho lile analomtazamia mteja anayeuliza kama bawa na kidari ni bei moja. "Haya, zisimamishe. Andika KUKU tu, mwanangu. Mengine moshi utasema."

Ujuzi wangu wote wa herufi nene ulitoka kwenye WordArt, enzi nilipokuwa fundi mkuu wa ratiba za sendofu katika ukoo. Pale hukuhitaji kujua kitu. Ulibonyeza, na jina la bibi harusi likapinda lenyewe kwa rangi za upinde wa mvua kama limesikia taarabu. Safari hii nikaona nisimame na wanaume wenzangu: nikapakua Blender, programu ya kuunda picha za pande tatu, iliyozaliwa Uholanzi mwaka 1994. Ni ya bure, na bure yake ina kisa. Mwaka 2002 kampuni iliyokuwa nayo ilifilisika, watumiaji wakachangishana euro 100,000 kuikomboa, msimbo wake ukawekwa wazi kwa yeyote duniani. Nilimsimulia Shangazi kisa hicho nikidhani nitampandisha moyo.

"Euro laki moja," akasema. "Ili wewe uandike kuku."

Ukifungua Blender unakaribishwa na mchemraba, kamera na taa. Mchemraba haukuombwa na mtu. Karibu kila anayejifunza huanza kwa kuufuta, kama mwenye nyumba anayemtoa paka sebuleni kabla wageni hawajakaa. Nikaufuta. Nikaongeza maandishi, nikaandika KUKU, na herufi zikatokea zimelala chali sakafuni. Ndivyo programu inavyozizalisha. Kwa mtu aliyeahidi herufi zinazosimama, lilikuwa pigo. Nilihangaika saa nzima kabla ya kugundua kwamba unatakiwa uziinue wewe mwenyewe, nyuzi 90, na zaidi ya mara moja niliziinua kupita kiasi zikaanguka kifudifudi.

Kisha unene. Kuna kisanduku cha namba tu. Nikaandika 1, namba ya mtu mwenye kiasi. Sikujua kwamba unene huo unakwenda mbele na nyuma kwa pamoja, yaani ukiomba 1 unapewa 2, na urefu wa herufi zenyewe haukufika hata 1. Zikatoka kama makontena bandarini. Nikazipunguza, lakini si sana, maana nilikuwa nimeshaonja unene na nikaupenda. Usoni nikazipaka nyeupe, mbavuni nyekundu. Kamera nikaipandisha juu ili ule unene uonekane vizuri na thamani ya kazi ijulikane.

Hapo ndipo nilipoharibu, na sikuona. Ukiitazama herufi U nene kutoka juu, sakafu yake ya ndani inajitokeza na kuujaza mdomo wake. Haibaki na uwazi. Inabaki kitu cheupe, cha mviringo chini, chenye mizizi miwili iliyopanda juu, na wekundu umeshonana katikati. Mtu yeyote aliyewahi kukaa kwenye kile kiti kinacholala chali angekitambua mara moja. Mimi nilikiona cha kisasa.

Kukamilisha picha kulichukua usiku mzima. Programu inafuatilia miale ya mwanga inavyodunda kutoka uso mmoja hadi mwingine, na kompyuta yangu, mzee wa watu, ilinguruma kama mashine ya kusaga mahindi. Saa nane usiku umeme ukakatika. Betri yake haijawahi kumsaidia mtu. Nikaanza upya alfajiri.

Fundi wa kuchapa, kijana mmoja wa Kariakoo, aliniuliza swali moja tu: "Bro, hii umeiweka kwenye CMYK?" Nikajibu "ndiyo" kwa sauti ya mtu aliyeulizwa kama ameswali. Baadaye ndipo nilipoelewa. Skrini inachanganya mwanga, nyekundu na kijani na buluu. Mashine inachanganya wino, samawati na majenta na njano na nyeusi, na nyekundu zile zinazowaka kwenye kioo haina pa kuzitoa. Nyekundu yangu ya ushujaa ilitoka waridi iliyopauka. Rangi ya ufizi, kwa kusema kweli.

Halafu ukubwa. Picha yangu ilikuwa na upana wa pikseli 1,920, kipimo ambacho Blender inakupa usipoiambia kitu, na baneri ilikuwa ya mita 2 kwa 1. Piga hesabu: haifiki hata pikseli moja kwa milimita. Kingo za herufi zikawa ngazi ngazi, zimemeguka huku na huku, na kwa kuwa vipimo vya picha na vya baneri havikulingana, kijana wa watu aliivuta ijae. Magego yakanenepa, tena yakaonekana yameliwa na wadudu.

Jumamosi asubuhi tukalitundika bango. Shangazi alisimama ng'ambo ya barabara, mikono kiunoni, kimya. Nikajisemea kazi nzuri humnyamazisha mtu. Mtoto mmoja aliyekuwa akipita na mama yake akanyoosha kidole: "Mama, meno!" Mama akamvuta mkono na kuongeza mwendo.

Nililitazama bati la zamani, lililoegemezwa ukutani. Yule mwandishi wa mabango hakuwa na kamera wala taa. Alikuwa na brashi moja na kivuli kimoja, upande wa kulia, herufi zote nne bila kubadilisha mawazo, na hiyo KUKU yake ilisimama kuliko yangu.

Saa tatu akaja baba mmoja, shavu limevimba kama ameficha ndimu, kitambaa kimefungwa kidevuni hadi utosini. Akalisoma bango. Akaketi kwenye benchi kwa adabu, akaweka kofia magotini.

"Shikamoo mama," akasema kwa shida. "Daktari ameshafika?"

Nikatamani ardhi inimeze. Shangazi akapangusa mikono kwenye kanga.

"Marahaba. Bado. Umekula lakini?"

"Sitafuni, mama. Tangu juzi."

Shangazi hakuongeza neno. Aliinua mfuniko wa sufuria anayochemshia vichwa, shingo na miguu, akamchotea bakuli, akalikamulia ndimu. Yule baba akalinywa taratibu kwa upande mzima wa mdomo. Akaomba la pili. Akalipa, akashukuru, akasema atarudi daktari akiwepo.

Nikapanda juu ya benchi nianze kufungua kamba.

"Wewe, unafanya nini?"

"Nalitoa, Shangazi. Nisamehe."

"Liache hapo hapo." Alikuwa anahesabu chenji. "Ila niongezee maneno chini, kwa herufi hizo hizo zinazosimama. Andika NA SUPU."

Nikahesabu kwa vidole. Magego mawili zaidi.