Karibu Mgeni, Ila Flashi Iache Nje

Katika ukoo wetu kila mtu ana kitu kinachofanya ndugu wamkwepe. Mjomba ana hadithi zake za JKT, shangazi ana biashara ya virutubisho inayotafuta wanachama wapya, na mimi nina flashi. Nikibisha hodi kwa mtu, watoto hukimbilia kunipokea mzigo, na baba mwenye nyumba hukimbilia kufunga laptopu.

Flashi yenyewe haitishi. Ni fupi kuliko kidole changu cha mwisho, imefungwa kwenye funguo za nyumba, na ndani yake kuna kompyuta nzima isipokuwa mwili: mfumo wa Linux, programu zangu, nyaraka zangu, hata picha ya Ziwa Nyasa ninayoiweka nyuma ya kioo. Ukiichomeka kwenye mashine ya mtu na kuiamuru mashine ianzie hapo badala ya kwenye diski yake, unapata kompyuta yako juu ya vyuma vya mwenzako. Ukimaliza unazima, unachomoa, unaaga, na diski ya mwenyeji haijaguswa. Ndivyo inavyoelezwa, na ndivyo nilivyomweleza shemeji. Nisichomweleza ni kwamba kompyuta isiyo na mwili lazima iazime mwili wa mtu, na kila mwili una mwenyewe.

Wazo si langu. Mwaka 2000 Mjerumani Klaus Knopper alitoa Knoppix, mfumo uliobana takribani GB 2 za programu ndani ya CD moja ya MB 700, ukawaka bila kusimikwa popote. Ila CD haiandikiki, kwa hiyo kila ukizima, mfumo unasahau yote mliyofanya pamoja. Wapo wanaoutaka usahaulifu huo: Tails, Linux nyingine ya flashi, imetengenezwa makusudi isiache alama, na waandishi wa habari wanaolinda vyanzo vyao huitumia. Mimi sina siri za kiwango hicho. Nilitaka mfumo unaokumbuka nilikoishia jana. Kwenye flashi hilo linawezekana: mfumo wenyewe unabaki umebanwa na haubadiliki, halafu pembeni inatengwa sehemu ya kuandikia mabadiliko yako, na kila ukiwasha, vyote viwili vinaunganishwa.

Safari inaanzia Kariakoo, na Kariakoo namba zina tabia zake. Flashi niliyouziwa ilikuwa imeandikwa GB 64 kwa rangi ya dhahabu. Muuzaji aliapa kuwa ni orijino, akaongeza kwamba hata mama yake anatumia hiyo hiyo. Nikaiandikia mfumo, ukawaka vizuri. Kasheshe ilianza nilipozidi kuhifadhi vitu: faili zipo kwa majina, lakini ukizifungua ndani hamna kitu. Iko programu inaitwa F3 iliyotungwa kunasa utapeli huu. Inajaza flashi mpaka pomoni, halafu inasoma upya ilichoandika ione kimebaki kiasi gani. Kilichobaki hakikufika GB 8. Kumbe chipu ya ndani ilikuwa imefundishwa uongo: ukiiuliza ukubwa wake inataja 64, na ukishavuka kiwango chake halisi inapokea kila unachoipa, inaitikia, kisha inatupa. Nikarudi dukani. Muuzaji alinisikiliza kwa upole mpaka mwisho, akauliza, "Kwani bosi, hizo sitini na nne zote ulitaka kuweka nini?"

Ya pili ilikuwa orijino kweli, na hapo matatizo yakahama kwangu yakaenda kwa wenyeji wangu. Ili mashine ianzie kwenye flashi, unatakiwa uiwahi katika zile sekunde chache kabla Windows haijaamka, na kila kiwanda kina kitufe chake: Dell na Lenovo ni F12, HP ni F9, Asus ni Esc. Mwenyeji hayajui hayo. Anachokiona ni mgeni aliyeomba kuangalia barua pepe, ameizima kompyuta iliyokuwa nzima, ameiwasha tena, na sasa anagongagonga vitufe vya juu huku midomo ikimchezacheza. Siku ya kwanza shemeji alimwita dada kutoka jikoni aje ashuhudie.

Halafu kuna Secure Boot, iliyoenea kwenye kompyuta tangu enzi za Windows 8, ambayo hukagua sahihi ya mfumo kabla ya kuuruhusu uwake. Linux kubwa kubwa zina sahihi inayokubalika. Nyingi ndogo hazina, na inabidi ukaguzi uzimwe. Ukiuzima kwenye mashine ambayo diski yake imefungwa kwa BitLocker, siku ya pili mwenye mashine anaweza kuulizwa ufunguo wa tarakimu 48. Jaribu kumweleza mhasibu, tarehe 30 ya mwezi, kwamba ulikuwa unaangalia barua pepe tu.

Lakini lililonivunjia heshima zaidi lilikuwa la saa. Linux huiweka saa ya ndani ya mashine kwa majira ya UTC, kisha yenyewe inajumlisha tatu kupata majira ya Afrika Mashariki. Windows huichukua saa hiyo hiyo kuwa ndiyo ya hapa hapa. Ukiwa kwenye intaneti, Linux hurekebisha saa ya ndani kila baada ya dakika 11, bila kumwambia mtu. Nikamaliza kazi zangu kwenye laptopu ya dada, nikachomoa flashi, nikashukuru kwa chakula. Asubuhi dada akaketi mezani, simu yake ikiwa chumbani inachaji, akaona kwenye kioo ni saa moja kamili. Akanywa chai kwa raha zake akisubiri kikao cha mtandaoni cha saa tatu, kikao ambacho wakati huo kilikuwa kimeshafika kwenye mengineyo. Waswahili tumezoea kioo kuandika saba nasi tukasoma saa moja. Hizo sita tunazipunguza tukiwa usingizini. Tatu za ziada hakuna aliyekuwa amejiandaa nazo.

Nikaona dawa ni kuachana na mfumo uliobanwa na kusimika Linux kamili kwenye flashi. Laptopu yangu ilikuwa kwa fundi, nikaazima ya shemeji. Programu ya kusimika ikaniuliza kile kipande kinachoanzisha mfumo kiwekwe wapi. Nikaionyesha flashi. Ikakubali, halafu ikaenda kukiweka kwenye diski ya shemeji. Ni kasoro inayojulikana ya baadhi ya programu za kusimika kwenye mashine za UEFI: hutumia sehemu ya kwanza ya kuwashia inayokutana nayo, na chaguo lako linachukuliwa kuwa ni maoni ya mdau. Hakuna aliyegundua, kwa kuwa flashi ilikuwa bado imechomekwa na kila kitu kiliwaka. Nikapanda basi la Morogoro na flashi yangu mfukoni. Jioni shemeji akawasha mashine: kioo cheusi, neno moja la "grub", na kialama kinachosubiri amri. Akaandika "OK". Haikusaidia. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Hawakuwahi kukutana na mgeni anayeondoka na roho ya mwenyeji kwenye funguo. Tiba yenyewe ni ya dakika moja: bonyeza F12, chagua Windows Boot Manager. Kwa simu, kwa mtu aliyekasirika, ilimaliza bando lote.

Msidhani flashi nayo ilikuwa inastarehe. Linux huhifadhi vitu vyake kwa mpangilio wa ext4, ambao Windows haiusomi, kwa hiyo ukiichomeka hapo unaulizwa kama ungependa kuifomati kwanza. Mpwa wangu alitaka kunichukulia muvi. Ni mtoto mwenye adabu, akiulizwa swali na mkubwa hujibu ndiyo. Nikajenga mfumo upya tangu mwanzo, na kwenye kundi la WhatsApp la familia likapita azimio bila kupingwa: karibu mgeni, ila flashi iache nje.

Azimio hilo lilidumu mpaka laptopu ya shemeji ilipogoma kuwaka siku chache kabla ya harusi ya mdogo wake. Yeye ndiye mweka hazina wa kamati, na orodha ya ahadi zote, nani kaahidi nini na nani kalipa, ilikuwa mle ndani peke yake. Fundi alitaka kupiga Windows upya, maana yake kufuta. Baadhi ya wanakamati walimpa shemeji pole nzito isivyo kawaida, wakamsihi asijichoshe kutafuta, mali ni majaliwa.

Saa nne usiku nikapigiwa simu niende, na nisisahau "ile takataka". Nikagonga F12. Safari hii hakuna aliyeitwa kutoka jikoni. Wote walikuwa wameshasimama nyuma yangu. Windows ilikuwa imelala vibaya, lakini Linux haikuihitaji iamke: iliifungua diski kwa kusoma tu, na kwenye folda ya juu kabisa tukakuta faili linaloitwa "michango final final 2". Nikalinakili, nikalifungua kwa LibreOffice, dada akapiga vigelegele.

Shemeji akavuta kiti, akashuka mstari kwa mstari kuhakikisha hakuna kilichoharibika. Hakikuharibika kitu. Hata mstari wa jina langu ulikuwa salama salimini: ahadi laki mbili, iliyolipwa sifuri.

"Kumbe hii Linux yako haipotezi kitu," akasema kwa mara ya kwanza bila hasira. "Sasa shemeji, kwenye simu una shilingi ngapi?"